Printa Yangu Haikuwa Imeharibika

Ijumaa ya mwisho ya Agosti, saa nne kasoro robo asubuhi. Ndani ya fremu yangu pale Manzese wamesimama watu saba, na kwenye kibaraza wengine sikuwahesabu, kila mmoja na bahasha yake ya kaki mkononi. Mwenye steshenari yeyote wa Dar anaujua msimu huo. Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linakaribia kufungwa, na watoto waliomaliza kidato cha sita wanamiminika. Huyu anaprinti fomu apeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yule ametoka kwa mwenyekiti, muhuri haujakauka vizuri, sasa anatafuta wakili. Mwingine amemalizana na wakili, anataka kurasa zilizosainiwa ziskaniwe apandishe kwenye mfumo. Nyuma yao wamesimama wazazi, pochi zimebanwa kwapani. Ni wiki chache tu kwa mwaka, lakini ndizo zinazonilipia kodi ya fremu.

Printa ikatoa ukurasa wa kwanza wa kijana mmoja aliyevaa fulana ya bluu, ikatoa wa pili, ikavuta karatasi ya tatu hadi nusu, ikanyamaza. Taa mbili, ya wino na ya karatasi, zikaanza kuwaka na kuzima kwa kupokezana. Kwenye kompyuta pakatokea maandishi ya Kiingereza: kuna sehemu ndani ya printa imefika mwisho wa maisha yake, wasiliana na huduma kwa wateja.

Mwisho wa maisha, na printa yenyewe ilikuwa na miezi 10.

Niliinunua Oktoba kwa pesa ya mchezo. Tulikuwa wanawake 12, kila mwezi tunatoa 60,000, na zamu yangu ilipofika nikapokea 720,000. Printa ikachukua 690,000, nauli na chupa ya ziada ya wino mweusi zikachukua iliyobaki. Ni hizi printa za matangi, unazojazia wino kwa chupa. Ya zamani ilikuwa ya katriji, na kila faida niliyopata ilirudi kwenye katriji. Nilipoileta hii nyumbani usiku ule, kabla ya kuipeleka dukani, niliiweka juu ya meza ya chakula nikawaita wanangu waione. Nasema haya ili mtu aelewe kwamba kwangu ile si mashine tu. Ni mwaka mzima wa kutoa 60,000 hata mwezi ambao sina.

Nikaizima. Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu hadi 60, nikarudisha. Taa zikarudi vilevile. Nikaivuta ile karatasi taratibu kwa mikono miwili isichanike, nikafungua kava, nikamulika kwa tochi ya simu kutafuta pini au kipande cha karatasi kilichokwama. Hakuna kitu. Ndani kulikuwa safi.

Kijana wa fulana ya bluu akaniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo. "Mama, hata kuskani haiwezi? Kuskani si hakutumii wino?"

Ni kweli. Kuskani ni kioo na taa. Nikaweka karatasi kwenye kioo, nikabonyeza. Taa zikaendelea kupokezana, mashine haikujigusa.

Nikampa zile kurasa mbili bila kumtoza, nikampa na ile nusu. Nikamwelekeza kwa jirani yangu wa upande wa Tip Top, mpinzani wangu wa kila siku, maana nilijua printa yake ni nzima. Wengine wakamfuata. Ndani ya dakika 10 fremu ilikuwa tupu, nimebaki mimi na feni.

Nilipiga simu namba iliyoko kwenye kadi ya waranti. Sauti iliyorekodiwa ikanikaribisha kwa Kiingereza, ikasema kwa Kiswahili bonyeza 2. Nikabonyeza 2, ikaendelea kwa Kiingereza. Nikabahatisha namba ya mafundi, ukaanza muziki, na kila baada ya muda mfupi muziki unakatika, naambiwa simu yangu ni muhimu kwao, niendelee kusubiri. Dakika ya 19 salio likaisha. Nikatoka, nikanunua vocha ya 2,000 kwa kijana wa jirani, nikaanza upya tangu salamu.

Mara ya pili akapokea mtu. Sauti ya kijana, mpole, mwenye adabu zake.

"Habari za mchana mama, nikusaidie nini?"

Nikamweleza tangu mwanzo, taa, maandishi, kuskani.

"Pole sana mama. Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Nimejaribu mara sita, mwanangu."

"Sawa mama. Naomba siriali namba."

Siriali namba iko kwenye kibandiko cha nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Printa ya matangi huwezi kuigeuza ovyo, wino unavuja. Kwa hiyo nililala sakafuni na kanga yangu, simu moja sikioni, ya mwanangu mkononi inamulika, nikasoma herufi moja moja. Tulikwama kwenye herufi ya nne. Sikuweza kujua kama ni S au ni 5. Tukajaribu S, ikakataa. Tukajaribu 5, ikakubali.

"Asante mama. Nimekufungulia kesi. Utapigiwa ndani ya masaa 48 ya kazi."

"Masaa 48 ya kazi ni siku ngapi?"

"Ni masaa 48 ya kazi, mama."

Nikapiga hesabu kichwani. Kama ofisi inafanya kazi saa nane kwa siku, hizo ni siku 6, na Jumapili haimo. Dirisha la mikopo litakuwa limeshafungwa. Nikamwambia hivyo. Akasema pole tena, na nilisikia kwenye sauti kwamba pole ile ilikuwa ya kweli. Kisha nikamuuliza nililotaka kujua tangu asubuhi: ni kitu gani hasa kilichofika mwisho?

Akanyamaza kidogo. "Mfumo hapa unaniambia tu nikuelekeze kituo cha huduma."

"Lakini wewe mwenyewe unajua ni nini?"

"Kwa kweli mama, sijui. Hatujawahi kuonyeshwa."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Wengi wangetunga kitu. Lakini baada ya kukata simu nilikaa kwenye stuli yangu na jibu lile likanikaa kifuani. Kampuni imemweka kijana huyu mlangoni apokee watu wenye shida siku nzima, haijampa hata dakika moja ya kuonyeshwa shida yenyewe inafananaje. Hajapewa cha kujibu ila pole.

Jumamosi nilijaribu WhatsApp. Nikapiga picha ya zile taa, nikaituma na maelezo. Likaja jibu hapo hapo: samahani sijaelewa, andika 1 kwa bidhaa mpya, 2 kwa ofa za mwezi, 3 kwa maduka yaliyo karibu nawe, 4 kwa kusajili waranti. Namba ya mtu ambaye chake kimekufa haikuwepo. Nikaandika, "Naomba kuongea na mtu." Samahani sijaelewa. Nikaandika kwa Kiingereza. Orodha ikarudi ileile. Nikarudia mpaka mwanangu mkubwa akaninyang'anya simu, akasema mama, hilo ni roboti, utaumwa kichwa bure.

Jumapili jioni, nikiwa napika, ikaingia meseji. Kesi yako namba fulani imefungwa. Tatizo lako limetatuliwa. Tafadhali tupe alama kwa nyota, moja hadi tano.

Nilizima jiko nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nitasema ukweli, nililia. Si kwa ajili ya pesa. Ni ile kuandikiwa na mtu usiyemwona kwamba tatizo lako limekwisha, na wewe umeliacha dukani limefunikwa kitambaa.

Jumatatu nilikwenda Kariakoo nilikonunulia. Safari hiyo haina hadithi ndefu. "Dada, sisi tunauza boksi tu. Likishavuka mlango huu, ni wewe na kampuni." Muuzaji akanionyesha mlango kwa kidole, mlango wenyewe umejaa maboksi ya printa kama yangu.

Jumanne asubuhi nikaifunga printa kwa kanga mbili, nikaibeba. Niliingia mwendokasi kituo cha Manzese saa mbili na nusu, na namshukuru baba mmoja aliyeniachia kiti, maana ile printa lazima ikae sawa. Kuanzia Magomeni hadi Jangwani nilikuwa nimeshikilia matangi manne ya wino mapajani kama mtu aliyebeba beseni la mchuzi. Nikashuka Kisutu, nikatembea hadi kwenye jengo lenye kituo chao cha huduma, nikaandika jina kwa mlinzi, nikapanda ghorofa ya pili.

Dada wa mapokezi akaniomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nilikuwa nayo. Nikaitoa kwenye pochi, nikaikunjua, na ilikuwa nyeupe. Hizi risiti zinachapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, hazina wino, na zikikaa kwenye joto au zikisuguana na plastiki maandishi yanafutika. Mimi hilo nalijua, kazi yangu ni karatasi. Ndiyo maana siku ileile niliyonunua printa niliitolea risiti kopi kwa printa hiyohiyo. Nikampa kopi, inasomeka kila kitu, tarehe, kiasi, mpaka ile alama ya mraba ya kuhakiki.

"Tunahitaji orijino mama."

"Orijino ndiyo hiyo, dada yangu. Imefutika."

"Basi haisomeki."

"Ndiyo maana nikatoa kopi."

"Kopi hatupokei."

Akaenda ndani kuuliza. Nikakaa saa moja na dakika 20 kwenye kiti cha plastiki, kanga zangu zimekunjwa mapajani. Ukutani kulikuwa na bango la mama anatabasamu, anaprinti picha ya mtoto.

Akaja fundi wao, kijana mwenye fulana ya kampuni. Akaiwasha printa, akaangalia taa, hata dakika haikuisha. Akasema pedi ya wino imejaa. Akasema pedi haimo kwenye waranti, ni kifaa kinachochakaa. Waranti yangu ilikuwa mwaka 1 au kurasa 30,000, kitakachotangulia. Mwaka haujaisha, na kompyuta yake mwenyewe ilionyesha nimeprinti kurasa 11,486. Nikamwonyesha. Akasema ndiyo, lakini pedi haimo.

"Ni bei gani?"

"180,000, na kusubiri siku 14. Inaagizwa."

"Na kuskani kwa nini imefunga? Kuskani hakutumii pedi."

"Ndivyo ilivyotengenezwa, mama."

"Naomba unifungulie nione hiyo pedi."

"Wateja hawaruhusiwi ndani. Ila ushauri wangu, kwa hiyo 180,000 ongeza kidogo uchukue mpya, kuna ofa."

Sikumjibu kwa hasira. Nilimwambia asante, nikaifunga printa yangu kwa kanga zangu, nikarudi Manzese.

Aliyenisaidia ni mama anayeuza vitumbua mkabala na fremu yangu. Aliniona nashuka na mzigo uleule, akauliza, nikamweleza. Akasema mbona kuna kijana pale karibu na daraja la waenda kwa miguu, alisoma chuo cha teknolojia cha DIT, anatengeneza redio, simu, mashine za EFD, kila kitu. Meza yake iko chini ya mwavuli, kila siku napita mbele yake, sikuwahi kumfikiria.

Nikampelekea. Kabla hajaigusa aliniuliza swali moja. "Mama, usiku ukifunga duka unaizimia wapi? Kwenye kitufe chake au swichi ya ukutani?"

"Ya ukutani. Naogopa moto."

Akatikisa kichwa taratibu, bila kunilaumu. Akanieleza kwamba kichwa cha printa kina vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, na wino ukikauka humo vinaziba. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake na kujifunika. Umeme ukikatika ghafla kinaweza kubaki wazi. Kwa hiyo ikiwashwa tena inajisafisha, inavuta wino mzuri kutoka kwenye matangi, inaupitisha kwenye vitundu na kuumwaga. Ule wino unaomwagwa unakwenda kwenye sponji iliyoko nyuma. Hiyo ndiyo pedi. Mimi kila jioni nazima ukutani, na mchana umeme unaweza kukatika na kurudi mara tatu. Kila mara inajisafisha, na kila mara inaandika kwenye chipu yake kwamba imemwaga kiasi fulani.

"Kwa hiyo imejaa kweli?"

"Tuangalie."

Akachukua bisibisi, akatoa skrubu moja ya nyuma, akafyatua kijibweta cha plastiki kisichozidi sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Ndani yake mna vipande vya sponji vimepangwa kama tabaka za godoro. Akavitoa kimoja kimoja kwa kibano, akavipanga juu ya gazeti.

Nilisogea kuangalia. Kona moja, pale mrija unapoingilia, ilikuwa nyeusi tii, imelowa, inang'aa. Kutoka kwenye ule weusi rangi zilikuwa zimesambaa kwa miduara, zambarau kwanza, kisha waridi, kisha buluu hafifu, pembeni kabisa mstari mwembamba wa njano, kama kanga mpya iliyochuja kwenye ndoo. Halafu rangi ziliishia hapo. Zaidi ya nusu ya sponji ilikuwa nyeupe. Nikauliza kama naweza kugusa, akasema gusa. Nikabonyeza kwa kidole sehemu ile nyeupe. Ilikuwa kavu. Nikageuza kidole, hakikuwa na hata alama.

"Sasa imejaa wapi, baba?"

"Haijajaa, mama. Haina kifaa cha kupima kama imejaa. Inahesabu tu. Hesabu ikifika namba waliyoiweka kiwandani, inafunga kila kitu."

Nilisimama pale chini ya mwavuli, daladala zinapita, na hasira ya siku tano ikapata mahali pa kusimama. Printa yangu haikuwa imeharibika. Iliagizwa isimame. Kichwa kizima, rola nzima, kioo cha kuskani kizima, wino umejaa matangini, sponji ina nafasi. Kilichoisha ni namba.

Nataka nitende haki hapa. Ile namba ina sababu. Sponji ikijaa kweli wino utafurika, utaingia kwenye saketi, utachafua meza na fomu za watu. Mimi sitaki wino umwagike kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu. Kuweka kikomo ni sawa kabisa. Lakini ningeambiwa mapema. Hesabu wanayo, basi ikibaki robo inionyeshe, nijiandae, nibadilishe Januari wakati duka limepoa. Wangeiacha skana ifanye kazi. Wangeniuzia hiyo sponji dukani kama wanavyoniuzia wino, maana anayeiangalia anaona ni kitu cha kubadilisha kwa skrubu moja. Na kitabu cha maelekezo kingeniambia kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, usizime ukutani. Sentensi hiyo moja tu. Nilikisoma chote usiku ule, kurasa za lugha nyingi, Kiswahili hakimo.

Na zaidi ya yote wangemwambia yule kijana wa simu. Fundi wa chini ya mwavuli anajua. Fundi wa kampuni anajua, alijua kabla dakika haijaisha. Kiwandani wanajua, ndio walioiweka namba. Asiyejua ni mmoja tu, na ndiye pekee ambaye mimi mwananchi nimepewa namba yake ya simu.

Kijana alikausha vipande vilivyolowa kwa kuvikamua kwenye gazeti, akavigeuza, akavirudisha. Akachomeka printa kwenye kompyuta yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona. Programu ya kurudisha hesabu kwenye sifuri inadai namba ya siri kila mara inapotumika, na hizo namba ananunua mtandaoni kwa dola 10 hivi moja. Akaandika, akabonyeza, tukasubiri. Printa ikazima, ikawaka, ikaguna kidogo ndani. Taa moja ya kijani ikatulia.

Akanitoza 35,000. Muda wote, pamoja na maelezo, haukufika nusu saa.

Nimepiga hesabu kwenye daftari langu. Ijumaa ya wiki iliyotangulia peke yake niliingiza 143,000. Kuanzia Ijumaa ile hadi Jumanne, siku tano za msimu, niliingiza 61,500 zote kwa pamoja, za kubaindi, kulamineti na kuuza bahasha.

Usiku niliingia mtandaoni kusoma, maana nilitaka kujua kama ni mimi peke yangu. Si mimi peke yangu. Ufaransa waliandika kwenye sheria mwaka 2015 kwamba kufupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi ili mteja anunue nyingine ni kosa la jinai, na mwaka 2017 chama kimoja cha wananchi kikapeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka, na walichokilalamikia ni printa. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2024 ulipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji kukarabati baadhi ya bidhaa hata waranti ikiwa imekwisha. Kwenye orodha yake nimeona mashine za kufulia, friji, simu. Printa sikuiona.

Na sisi hatuko mikono mitupu kama nilivyodhani. Sheria yetu ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, ina sehemu za kumlinda mlaji. Inazungumzia masharti yanayobebwa na mauzo hata kama hakuna aliyeyaandika kwenye risiti, na wajibu wa mtengenezaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Miaka yote nimechapa barua za malalamiko za watu, za viwanja, za mirathi, za mishahara. Yangu mwenyewe sikuwahi kuandika.

Nikaandika. Kurasa mbili, kwa Kiswahili, kwa kampuni, nikataja sheria hiyo kwa namba na mwaka. Sikudai fidia. Niliomba mambo manne tu: onyo la mapema, skana isifungwe, sponji iuzwe, na watu wa simu wafundishwe. Nikaambatanisha picha ya sponji juu ya gazeti, rangi zake zote na ule weupe mkubwa. Nikaichapa kwa printa yenyewe, nikaipeleka kwa mkono hadi ghorofa ya pili, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Baada ya wiki tatu ilikuja barua pepe ya mistari miwili, wanashukuru kwa maoni yangu. Nimeijibu. Nimewauliza maoni hayo amepewa nani, kwa cheo chake, na lini nitajibiwa. Wakikaa kimya nitaandika tena, na nakala itakwenda Tume. Karatasi ninazo.

Yule kijana wa fulana ya bluu alipita mwezi wa kumi kutoa kopi za kitambulisho. Nilimkumbuka kabla hajasema. Akaniambia alimaliza Jumapili ile saa tano usiku, kwenye intaneti kafe moja Sinza, na jina lake limetokea kwenye orodha ya waliopata mkopo. Nikamtolea kopi zake bila malipo, akakataa, akaacha 300 juu ya kaunta.

Fundi alirudi siku moja kunifanyia jambo jingine. Aliupitisha ule mrija wa wino hadi nje, akaufungia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akaibandika ubavuni mwa printa kwa gundi. Sasa wino wote unaomwagwa unaingia humo. Ni chupa tu, inaonekana hadi mwisho. Napima kwa macho kila Jumamosi, nachora mstari kwa kalamu ya rangi na kuandika tarehe. Nazima kwa kitufe siku hizi. Miezi mitano, mistari imesongamana chini ya kibandiko, bado kuna nafasi kubwa juu. Wiki iliyopita bibi mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya bima aliiangalia muda mrefu, akaniuliza hiyo dawa ya nini mwanangu. Nikaiondoa kwenye gundi, nikaiinua kwenye mwanga wa mlangoni ili aone vizuri, nikamweleza yote tangu mwanzo.